Mwanzo Uko Kulia

Msamala, Songea
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mguu umepata nafuu, na kwamba Bibi bado anagombana na kuku wake kila asubuhi. Huku tunaendelea, ingawa wiki hii imenikausha. Nimeandika kwenye karatasi na kumpa Mjomba Hironimus akukabidhi mkononi, kwa sababu simu ungeikata nikifika jina la Saleh. Unaweza kuichana barua, lakini nakuomba uimalize kwanza.

Watu wakikuuliza kazi yangu huwa unawaambia natengeneza redio. Si redio, Mama. Pale Majengo mimi na Saleh tunafufua vifaa vya hospitali. Yeye anachomelea waya, mimi naandika programu. Mwaka huu kituo kimoja cha afya kilituletea kitanda cha joto, kile wanacholazwa watoto njiti, kilichopigwa na radi. Tukakiwekea chipu mpya isiyozidi ukucha. Ndani yake mna mstari wa nafasi nane, na kila nafasi ina sifuri au moja. Tunaziita biti. Moja ni washa, sifuri ni zima. Nafasi moja ni ya hita, nyingine ya feni, nyingine ya king'ora, nyingine ya taa ya kijani inayosema joto limetosha. Ukikosea nafasi mashine haikugombezi, inafanya ulichoiambia.

Jumatano mchana umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Uliporudi, kitanda kilikuwa kimesahau mpangilio wake wote. Ndani alikuwa amelazwa mtoto wa kike aliyezaliwa kwa mimba ya miezi saba, mwepesi kuliko mfuko wa sukari wa kilo mbili, mpira wa oksijeni puani. Mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji, tena ana homa, hajaruhusiwa kumweka kifuani. Nilikuwa hapohapo kituoni. Kwa nini, nitakwambia. Muuguzi Devota alinijia mbio, nami nikampigia Makarius wa karakana aniletee kompyuta yangu kwa bodaboda.

Programu niliijua. Waya zipi zinaingia nafasi ipi alijua Saleh peke yake, naye alikuwa Tunduru kwa mama yake. Nilimpigia, mtandao ukawa wa kukatikakatika. Nikamwomba anitajie biti zote toka mwanzo. Akataja moja, sifuri, moja, moja, halafu sifuri nne, simu ikafa. Nikaziandika kama alivyozitaja, nikabonyeza, taa ya kijani ikawaka. Devota akamshukuru Mungu. Mimi nikajisifu kimoyomoyo.

Muda si mrefu Devota alishika nyayo za mtoto, akasema ni za baridi. Kila alipopima, joto lilikuwa limeshuka tena. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na Devota alisema njiti akinyamaza namna ile si kwamba ameridhika. Taa ilikuwa bado ya kijani. Niliichukia taa ile kama mtu. Devota akafungua vifungo vya gauni lake, akamweka mtoto kifuani pamoja na mpira wake, akanionya kwamba hawezi kukaa hivyo kwa muda, maana chumba cha pili kulikuwa na mama anayesukuma na zamu ile alikuwa peke yake.

Nilimpigia Saleh tena na tena, hapatikani. Niliogopa, Mama. Nikajaribu kumwona akiwa mezani kwake. Saleh hupanga skrubu kuanzia kulia. Akihesabu soketi ukutani huanzia kulia. Alifundishwa alifu na be, zinazosomwa kutoka kulia, na maalimu kule Tunduru kabla hajaingia darasa la kwanza. Mimi nilimwambia “toka mwanzo”, na mwanzo wangu uko kushoto, alikouweka sista aliyenifundisha kusoma. Mwanzo wa Saleh uko kulia. Tena chipu yenyewe huhesabu nafasi zake kutoka kulia, kwa hiyo mwenye makosa nilikuwa mimi. Hita nilikuwa nimeipa sifuri, taa ya kijani nikaipa moja.

Nikaugeuza mstari wote. Sikuwa na hakika. Kama nimekosea tena, hita ingeweza kuwaka bila kitu cha kuizuia. Nikabonyeza, nikaweka mkono wangu mwenyewe chini ya hita. Taa ya kijani ikazimika. Devota akauliza kwa ukali nimefanya nini, nikamwambia asubiri. Feni ikaanza kuvuma. Halafu ngozi ya mkono ikaanza kupata joto, polepole, na namba zikapanda mpaka pale zinapotakiwa, zikasimama.

Devota akamlaza mtoto. Baada ya kitambo akalia, kasauti kembamba. Ndipo Devota akaniambia nikae kabla mshono haujafumuka, kisha ninyooshe mkono nimguse mwanangu.

Umesoma vizuri, Mama. Ni wangu. Pasaka ulisema chipsi za mjini zimeninenepesha, nikacheka, nikakosa ujasiri. Mimi na Saleh tulikwisha kufunga ndoa bomani. Alipokuja kwako mara ya pili kuniposa ulimwacha nje bila hata kiti, nikajua nikikwambia utanitaka nichague. Nilikuogopa, nikakukasirikia, na hasira bado ninayo. Yeye alikwenda Tunduru kumweleza mama yake. Mimi nilikuwa nije kwako. Mtoto hakutusubiri.

Sasa daktari amesema abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka apate uzito. Mimi homa haijaniacha, bado nimekatazwa. Anabebwa na Saleh, na tangu jana anapokezana na Bi Saada, mama yake. Bi Saada aliniuliza bibi wa upande wa pili yuko wapi. Nilimjibu kwamba unaumwa mguu. Sipendi aniulize tena.

Mjomba anarudi huku Alhamisi na lori la mahindi, na kiti cha mbele hakina mtu. Msalimie Bibi, na jirani zetu wote. Saleh anakuamkia, shikamoo yake naomba uipokee. Mtoto tumempa jina lako. Wauguzi wamemwandika kitandani Getruda Saleh, na kila wanapoliita jina hilo mimi hugeuka kutazama mlangoni, nikidhani umefika.

Ni mimi mwanao,
Walburga