Nitashuka Mpanda na Mbwa Wangu

Johannesburg

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Vipi magoti yako, na presha imeshuka? Baba bado anafungua duka kabla majirani hawajaamka? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Najua anayekusomea ni mdogo wangu Zainabu. Bibi harusi, soma yote, usiruke maneno kwa kumwogopa Baba.

Ujumbe wenu wa simu nimeusikiliza tena na tena. Baba anasema nije harusini ila mbwa nimwache huku, Baba mdogo atanishika mkono kama zamani. Nikija na mbwa, nisipige hodi kwake. Jibu langu ni hili: tunakuja wote wawili.

Moli ni mbwa wa kuongoza wasioona. Bado yuko mafunzoni, na mimi pia, maana tunafundishwa pamoja. Mwalimu wetu, dada anayeitwa Thandi, sasa anatupeleka uwanja wa ndege kila wiki ili Moli azoee kabla ya safari. Siku ya kwanza aliniburuza hadi kwenye duka la soseji, watu wakacheka, nami nikacheka. Sasa anapita katikati ya matoroli ya mizigo bila kunigongesha popote, anakwepa ngazi za umeme zisimkamate makucha, anajikunja chini ya kiti na kutulia injini zikinguruma. Kwenye ukaguzi napita kwanza, yeye anasubiri hadi nimwite. Hapo moyo hunidunda, Mama, maana kwa muda huo sina wa kuniongoza.

Juma lililopita akaja mfanyakazi mmoja na kiti cha magurudumu.

"Kaa, nikusukume."

"Miguu yangu mizima, ndugu. Kisichoona ni macho."

"Ndiyo utaratibu wetu kwa wasioona," akasema, akanishika bega anikalishe.

Unakumbuka nilivyokuja mara ya mwisho? Walinishusha Mpanda kwenye kiti kama hicho, ukapiga yowe ukidhani na miguu nayo imekufa. Majirani wetu wa mtaa wa Majengo wakaja kunipa pole ya ugonjwa nisiokuwa nao, nami nikanyamaza kwa adabu. Safari hii sikunyamaza. Nilimwambia aniondolee mkono wake begani, nikashika mpini wa mshipi anaovaa Moli mgongoni, nikamwambia twende. Moli akakizunguka kile kiti, akanifikisha hadi lango la kupandia ndege. Thandi alitufuata kwa nyuma, akaniachia mwenyewe. Nilitokwa na machozi ya hasira na ya furaha, sijui yapi yalitangulia.

Kuhusu neno la Baba kwamba mbwa ni najisi, asinifundishe kama mtoto. Nimemuuliza sheikh wa msikiti wa huku, akasema mbwa wa kazi naruhusiwa kuwa naye, nichunge mate yake tu. Moli atalala kwenye banda la mkaa. Hatagusa mkeka wala chombo, na akinilamba nitanawa mara saba, moja kwa udongo, kama alivyonifundisha Baba mwenyewe. Kwa hiyo tusifichane. Kinachomsumbua ni wateja watasema nini mtoto wake akipita na mbwa. Waseme! Mimi nilishinda nyuma ya magunia ya mchele dukani kwake miaka mingapi, nikisubiri mtu apate nafasi ya kunipeleka chooni? Hiyo ndiyo ilikuwa aibu, Mama, na nyie wote mliizoea.

Kama mlango wa Baba umefungwa, nitalala nyumba ya wageni, na siku ya harusi nitasimama nje ya uzio nisikie vigelegele vya mdogo wangu. Kufika nitafika.

Nisalimie Bibi kule Kibaoni, aniwekee mchele mpya. Nisalimie shangazi Hadija, mpika maandazi wetu. Baba mdogo mwambie namshukuru kwa mkono wake wa miaka yote, sasa aupumzishe. Na Baba msalimie kwa heshima. Nampenda, na sipunguzi neno.

Siku ya kufika, njoo uwanjani. Ndugu wakitaka kunikimbilia, wazuie. Wewe simama hapo hapo ulipo, uniite jina langu. Nitakuja mwenyewe.

Mwanao,
Idrisa