Fizikia Juu ya Sauti ya Kaka

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Mwalimu Felisiani anahama Ijumaa! Mwalimu wa fizikia ndo huyo mmoja, na sisi kidato cha nne mtihani uko mlangoni. Mkuu katangaza mstarini: mwenye redio kaseti kwao aje nayo, tumrekodi mwalimu, tubaki na masomo yake. Aneth, jirani yangu wa dawati, kacheka: eti tutafundishwa na betri. Mama kanipa yetu shingo upande. Nimebeba na kanda ya kwaya, nirekodi juu yake. Yesu atanisamehe.

Jumatano, 4 Septemba

Mungu wangu! Jana nimerekodi vipindi viwili, leo ndo naona mwandiko wa kaka Dieudonne kwenye kanda. Kumbe Mama aliificha kwenye kasha la kwaya, wageni wasiiazime.

Kaka alirudi kwetu Burundi '93, kabla vita haijaanza. Akatutumia barua ya sauti, halafu kimya mpaka leo. Kila Jumapili tukitoka kanisani Mama anaiweka. Kaka anataja jina, anasalimu, ananyamaza. Uliyetajwa unaitika kwa sauti, kama yuko hapa Katumba, makazi ya wakimbizi. Usipoitika, Mama anakasirika wiki nzima.

Na mimi nimemfuta kwa kanuni za Newton. Mjinga mimi, mjinga kabisa! Mama akijua, sijui kama atanyanyuka tena.

Alhamisi, 5 Septemba

Tumesikiliza kanda darasani. Mwalimu anauliza swali, ananyamaza tujibu — na chini yake sauti inajibu. Kirundi! Ni kaka. Aneth kasema redio yetu kuukuu, haifuti vizuri, ya zamani imebaki. Nikashusha pumzi, nikataka hata kumbusu.

Tukarudisha nyuma. Mwalimu kauliza, kaka kajibu: huku kuna baridi, sijawasha moto. Aneth hajui Kirundi, kaendelea kunakili. Mimi kalamu nimeiweka chini. Barua ile naijua yote kwa kichwa. Hayo maneno hayakuwemo.

Ijumaa, 6 Septemba

Mwalimu kaondoka na lori la asubuhi. Sijamuaga. Nimetoa betri, nimezifungia kwenye ndoo ya mahindi.

Jumapili, 8 Septemba

Nilitaka kumwambia Mama njiani. Nikaishia kuzungumzia mihogo. Kufika tu, betri kazipata, kanda kaiweka. Naandika hapa kwenye mkeka, mwandiko wenyewe aibu.

Mimi namsikia Mwalimu Felisiani tu. Mama hamsikii kabisa! Anacheka. Anaitika: ee mwanangu, tumeamka, mihogo ipo.

Mwalimu kauliza nani hajaelewa. Kanyamaza. Mama kanigeukia, uso umechangamka, sijamwona hivyo miaka mitatu.

"Emelyne, kaka yako anauliza unakwenda lini kukaa naye. Anasema yuko peke yake. Mwitikie, mwanangu, usimwache hivyo."

Nimesema Mama, huyo ni mwalimu. Hanisikii.

Siku tunarekodi, hapo Mwalimu alinyamaza kidogo tu, Aneth akajibu. Sasa kanda inazunguka, inazunguka, na Aneth hajibu. Mama kanishika mkono huu huu ninaoandikia, anasema sema ndiyo, sema tu ndi—