Sola ya chini ya kitanda

Madeleine, siamini! Siamini kabisa!

Unajua zile nyumba balijengea bazee hapa Nakivale, za sola na batri? Leo bageni balitoka Mbarara kuziona. Banabonyeza taa, haiwaki hata moja.

Ignatius, ule fundi wa kuvaa tai mwenye alifunga hizo sola, anasimama mbele ya batu bote: "Hii batri iko mvivu." Batri! Mvivu! Na mwezi muzima bazee bako mu giza.

Bakamuuliza sola yenyewe iko fasi gani. "Nilificha chini ya kitanda changu, wezi wasichukue."

Chini ya kitanda, Madeleine! Na anajiita injinia. Bure kabisa!

Mama Nabintu, ule kipofu wa mu zile nyumba, akamushika Ignatius mukono: "Mwanangu, mimi sioni kitu, lakini najua jua iko inje."