Mabua ya Mama Jepkosgei

Kiplombe, Eldoret

Mama mpendwa,

Magoti yako yanaendeleaje na hii baridi ya asubuhi? Na Baba, kile kikohozi kilimwacha? Mimi mwili hauna shida. Ni roho ndiyo nzito, na kwa simu ningelia tu.

Unajua kazi yangu kwenye kikundi cha kuzuia moto. Huku mvua imekosa, nyasi zimekauka mpaka msituni, na watu bado wanachoma mashamba. Tunaenda nyumba kwa nyumba: fyekeni nyasi, kateni matawi yaliyolalia bati, jazeni mapipa maji. Boma likiwa sawa, naandika "tayari" kwenye kitabu.

Kulikuwa na mjane, Mama Jepkosgei. Alirundika mabua ya mahindi kutoka ukuta wa jikoni hadi kwa zizi. Nikamwambia ayahamishe, akacheka. "Na ng'ombe wangu atakula nini, msichana wa Nyeri?"

Mara ya tatu nilipata ameondoa nusu. "Hayo mengine nitamalizia Jumamosi," akasema, akanimiminia mursik, yale maziwa yao ya mgando. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimechoka. Nikanywa, nikaandika "tayari."

Ijumaa mchana jirani alichoma shamba lake, upepo ukageuka. Tulipiga filimbi, watu wakatoka. Hata yule mjane alitoka, Mama, alisimama nasi barabarani. Halafu akasikia ng'ombe akilia. Nilimshika leso, akachomoka.

"Wacha nimfungue tu!"

Moto ulikuwa umeshaingia kwenye mabua. Tulimpata mlangoni mwa zizi, kamba mkononi.

Nyumba zingine zote zilipona. Kwa mazishi chifu alitusifu, watu wakapiga makofi. Binti wa marehemu, ambaye ni mwalimu kule Soy, alinishika mkono. "Asante. Najua ulimwambia." Nikaipokea asante hiyo.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilipanda boda mpaka kwake, nikampa kitabu. Akasoma akiwa amesimama.

"Ni wewe uliandika hivi?"

"Ni mimi."

"Na mabua uliyaona?"

"Niliyaona."

Akanirudishia. Akasema nisikanyage kwake tena, akafunga mlango.

Kikundi hakijanifukuza. Siku hizi nikikuta mabua ukutani nayahamisha mwenyewe kabla sijaandika chochote. Zamani watu walibishana nami. Sasa hawabishani, na hiyo inaniuma zaidi, kwa sababu najua ni nini kimewanyamazisha.

Nisalimie nyanya yetu Cucu, umwambie miwani yake nitamtumia na mtu wa kanisa. Kaka Mwangi afyeke nyuma ya jiko lako wiki hii, asingoje kuambiwa mara ya pili. Mbusu mtoto wa dada. Pasaka sitakuja, huku bado ni kukavu.

Niombee, Mama. Lakini usiombe nisahau.

Ni mimi binti yako,
Wangari