Tangi Lililooshwa

Beltsville, Maryland
24 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua uvimbe na yule daktari wa Kilosa hajakutisha tena. Mimi ni mzima, ila kuna gari moja limeninyima raha.

Ni Chevelle ya mwaka 1970, mali ya Mzee Atiba wa College Park, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili darasani zamani. Huniamkia mimi shikamoo, nikimkatalia anacheka. Kaka yake, Leroy, alikuwa fundi katika kiwanda cha Baltimore lilikotengenezwa gari hilo. Aliliagiza mwenyewe, akampa mdogo wake na kumwambia kuwa ni SS halisi, lile toleo la mbio: injini kubwa, breki za diski mbele, vyote vimefungwa kiwandani. Akaongeza kwamba amemwandikia jina lake juu ya tangi la mafuta. Mwaka uliofuata akafariki.

Ndugu zao, ambao sasa ni marehemu, walisema Leroy alikuwa mwongo tangu utoto, na kwamba hilo ni gari la kawaida lililobandikwa nembo. Injini ilishabadilishwa, na namba ya kwenye dashibodi haisemi lolote kuhusu SS. Mzee ana miaka sabini na tatu, na tarehe 22 Aprili anapasuliwa moyo. Anataka kujua kabla ya siku hiyo. "Binti, nataka kufahamu kama kaka yangu alinidanganya," aliniambia.

Bosi wangu wa gereji, Ndirangu, amenikabidhi mimi kazi hiyo. Karatasi ya kiwandani, ile inayoorodhesha kila kitu gari lilichofungwa, nimeitafuta ndani ya viti nikakuta kiota cha panya. Wiki ijayo nashusha tangi. Naogopa, Baba.

Mwanao,
Elieth


Kimamba
28 Machi 2024

Mwanangu Elieth,

Marahaba. Mguu uko palepale, unapenda kukandwa kuliko mwenye nao. Barua hii anaipiga picha Mwatumu wa stesheneri, maana simu yangu imezeeka kunishinda.

Tangi nalo la kuogopa? Miaka thelathini kwenye karakana ya mkonge sikuwahi kukagua kitu kichafu. Umesahau nilivyokuchapa uliposhika kabureta yenye matope? Osha kwanza. Mafuta ya taa, brashi, kisha maji. Jina kama lipo litaonekana.

Baba yako


Beltsville
5 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Najua sijauliza mguu. Nisamehe.

Nimeosha. Juu ya tangi kulikuwa na tabaka gumu la matope. Nikamwaga mafuta ya taa, nikasugua, nikapiga maji. Chuma kikang'aa, jina hakuna. Kwenye beseni ulibaki uji wa kijivu, nikaumwaga.

Mchana tukiwa tunakula, Ndirangu akasema huku anatafuna, "Hizi za Baltimore, ile paper yao ilikuwa inagluiwa juu ya tank. Uliicheck poa lakini?" Nikamjibu sijafika huko. Nimedanganya, Baba, chakula kikiwa mdomoni. Leroy hakuandika kwenye chuma. Aliandika kwenye karatasi ile ile niliyokuwa naitafuta, imebandikwa pale miaka hamsini na nne, nami nimeimwaga kwa mkono wangu.

Kuna mtu Fairfax anayechapisha karatasi mpya za namna hiyo, kisha anazichovya kwenye chai ya rangi ili zionekane kuukuu. Nimeshampigia. Anachosubiri ni nimwambie aandike nini. Mzee ataingia kwenye upasuaji na furaha yake, kuna atakayeumia? Jumatatu ya tarehe 15 Ndirangu anapiga maji na rangi nyeusi chini ya gari lote. Baada ya hapo hakuna atakayejua kitu. Nijibu haraka.

Elieth wako


Kimamba
8 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma mara tatu, na chai yangu imepoa. Kosa la kuosha ni letu wawili, maana niliyekutuma ni mimi. La yule mtu wa Fairfax ni lako peke yako na sitaki kulisikia tena. Mzee wa watu anakwenda kupasuliwa kifua, wewe unampa uongo mwingine auongeze juu ya ule anaouogopa? Nenda kamwambie.

Halafu sikiliza. Unakumbuka gasketi za kuzibia pampu tulizokata kwa magazeti, vipuri vilipokuwa havipatikani? Nilikuwa nikifungua pampu ya trekta miaka mingi baadaye, gazeti limeshaoza, lakini maandishi yake yamebaki kwenye chuma cha juu, yamegeuka. Niliyasoma kwa kioo cha kunyolea. Sasa hiyo karatasi yako ilibanwa kati ya tangi na nini? Na sakafu ya buti. Elieth, mimi niliyekuchapa kwa ajili ya uchafu ndiye ninayekwambia: usioshe!

Mvua imekata umeme tangu juzi, na mtandao nao haupo. Mwatumu anasema ukirudi tu ataituma. Nakaa hapa dukani kwake namsumbua.

Baba yako


Beltsville
16 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu vipi? Safari hii nijibu kweli.

Barua yako iliingia jana saa moja na nusu asubuhi, niko kituoni nasubiri basi. Nilipofika, mashine ya maji ilikuwa inanguruma, Ndirangu ameanzia magurudumu ya mbele. Nikachomoa waya ukutani. "We Elieth, umechizi? Customer anakuja Friday!" Nikamweleza yote mbele ya mafundi wenzangu: tangi, uongo wangu, na ile chai ya Fairfax. Akasema nimpigie Mzee mimi mwenyewe.

Mzee Atiba alikuja kwa teksi. Nilimwambia nikiwa nimesimama mbali naye kwa aibu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Je, kumebakia chochote?"

Tukasimama chini ya gari likiwa juu ya lifti, mimi nimeshika taa, yeye kioo. Maandishi yalikuwepo, Baba! Hafifu, yamegeuka, lakini yanasomeka. Injini: ile ndogo. Breki: za kawaida. Mahali pa SS: patupu. Nilirudia mara tatu nikitafuta kosa langu.

"Mzee, si SS," nikasema. "Kaka yako..."

Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amesogeza kioo pembeni, penye herufi kubwa zilizoandikwa kwa mkono, kwa chaki ya mafuta. Nilisoma SKEETER, nisielewe.

"Ni mimi," alisema. "Ndilo jina langu la utotoni. Wote walioniita hivyo wamekwisha kufariki."

Akalia, kisha akacheka, akamwita marehemu mwongo mkubwa kwa Kiingereza na tena kwa Kiswahili. Sijawahi kumwona na furaha ile.

Kwenye ripoti nimeandika gari la kawaida, na Ndirangu ametia saini. Mzee ameomba pale pasipakwe rangi. Jumatatu nitakuwa naye hospitalini kwa sababu hana mtu mwingine, na naogopa kuliko nilivyoogopa tangi. Tuombee.

Tangi nimelirudisha mwenyewe. Lilikuwa limeshaingia vumbi, sikulifuta.

Mwanao,
Elieth