Kombe la Kukumbuka

Chuno, Mtwara
16 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba Mustafa,

Kabla hata ya shikamoo, naomba nilitoe hili lisije likanirudi kooni. Ile ajali ya bajaji naikumbuka yote. Sikupoteza kumbukumbu hata kidogo. Sijamwambia mtu yeyote, wala Mama.

Sasa ndiyo nikusalimu. Shikamoo Mjomba. Mgongo umepoa au bado unalalia ubao? Mkaza mjomba na watoto hawajambo? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Joto la mwezi huu unalijua, mabibo ya mikorosho yananuka kila kona na inzi wamehamia ndani. Baba yuko Mpapura anaokota korosho, tunamwona Ijumaa tu. Mimi nina mitihani ya kumaliza kidato cha tatu. Nasoma ukurasa, nikifika chini sijui juu palisemwaje.

Nimeamua kuandika kwa sababu ukipiga simu Mama anaweka sauti ya nje na nyumba nzima inasikiliza, na mimi kwenye simu unanijua: ndiyo Mjomba, hapana Mjomba, basi. Neema wa jirani anapanda basi la Songea kesho. Atakuletea bahasha hii pamoja na korosho zako.

Kuhusu mkono wa Mama uliovunjika siku ile, alikwambia unaendelea vizuri. Umewekewa vyuma na vidole viwili havikunjiki. Jana alijaribu kubangua korosho mbili tatu, kisu kikamponyoka. Akasema, "Mkono huu umekuwa bibi harusi, hautaki kazi." Tukacheka. Halafu akaingia chooni akakaa huko mpaka chai ikapoa. Kiwandani wamemwambia apumzike, ila hawakusema mpaka lini.

Ilivyokuwa ni hivi. Tuliita bajaji kwa simu, kwa ile aplikesheni mpya, na aliyekuja akawa Hashimu, mtoto wa Bi Tatu wa nyumba ya mkabala. Tulifurahi. Barabara ya bandarini malori ya korosho yalikuwa yamepanga foleni. Mama alikuwa ameinama anafunga kifurushi chake. Simu ya Hashimu, aliyoibandika mbele pale, ikalia: abiria mwingine anaita. Ule wito ukichelewa kuugusa unahamia kwa dereva mwingine. Hashimu akanyoosha kidole, macho yakafuata kidole. Mbele yetu lori lilikuwa limesimama, taa zake za tahadhari zinawaka na kuzimika. Niliziona. Nilitaka kusema "kaka, lori," sauti yangu ikachelewa kutoka, tukaligonga.

Kule polisi, Hashimu alieleza kwamba lori ndilo lililorudi nyuma ghafla, likatugonga. Mama hakuona kitu, akaamini. Mimi nilikuwa na nundu kichwani. Wakati tunasubiri PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, Hashimu aliniinamia akaniuliza polepole, "Mdogo wangu, wewe umeona nini?" Nilijua anaomba nini, Mjomba. Nikasema sikumbuki. Daktari naye akasema hutokea mtu akigonga kichwa. Basi ikawa hivyo.

Jambo likazidi kukua. Bajaji haina bima, mwenye nayo aliiacha iishe tangu Agosti. Lori bima yake ni hai. Kwa hiyo wakili wa Mama, dada mmoja anaitwa Gladness, anadai fidia ya mkono kwenye bima ya lori. Kampuni ya aplikesheni yenyewe ilijibu kwa Kiingereza, nikapewa simu nisome mbele ya watu kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba. Wanasema wao kazi yao ni kumuunganisha abiria na dereva tu. Dereva si mfanyakazi wao, ajali haiwahusu. Nilipotafsiri, Bi Tatu akauliza, "Sasa hela wanayomkata mwanangu kila safari ni ya kuunganisha nini, mabomba?" Watu wakacheka sana. Mimi nikawa najiuliza, ile simu ililia kwa kazi ya nani?

Jumatatu mtu wa bima ya lori anakuja kunihoji. Madai yote yamekalia kichwa changu, maana abiria aliyekuwa anatazama mbele ni mimi peke yangu. Dada Gladness aliniambia, "Saida, ukikumbuka, sema. Usipokumbuka, usibuni." Na wote hapa wanasubiri neno lako wewe Mjomba, kama ilivyo desturi kwetu mjomba ndiye wa kuamua, kwamba tuendelee na madai au tuyamalize nyumbani.

Kinachonikosesha raha kuliko vyote ni kombe. Bi Tatu alikwenda kwa mwalimu wa madrasa akaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. Anaziosha kwa maji, ananiletea kikombe asubuhi kabla sijala kitu. "Kunywa mwanangu, kichwa kifunguke, umtoe kaka yako kwenye maneno ya watu." Anamwamini mwanawe kabisa. Mama naye ananipaka mafuta utosini kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama anatafuta mlango. Nakunywa maneno ya Mungu ili nikumbuke kitu ninachokikumbuka. Juzi nilitapika. Bi Tatu akafurahi, akasema ni dalili inatoka.

Hashimu zamani akiniona alikuwa anaita "bubu wangu, leo umeongea na nani?" Sasa hatanii. Tulikutana bombani akauliza, "Bado?" Nikasema bado. Akasema nisijilazimishe, huku anaangalia ndoo yangu.

Halafu yuko Filipo, dereva wa lori, mtu wa Iringa. Siku ile ndiye aliyembeba Mama akamtoa barabarani, akamfunga mkono kwa shuka lake. Leseni yake imechukuliwa, lori linashikiliwa, na inasemekana atafikishwa mahakamani. Wiki hii nilikwenda polisi na Dada Gladness kufuata nakala ya PF3, nikamkuta Filipo amekaa kwenye benchi na begi lake miguuni. Akasimama. "Mwanangu, mama anaendeleaje? Vidole vinakunjika?" Nikamwambia vinakunjika. Sijui kwa nini nilimdanganya na hilo pia. Akasema, "Afadhali, nilikuwa nawaza vidole tu." Hakuniuliza niliona nini. Kama angeuliza ningejificha tena kwenye nundu yangu.

Mjomba, Jumatatu nitasema taa zilikuwa zinawaka na lori lilikuwa limesimama. Nitaieleza na ile simu iliyolia. Labda Dada Gladness atapata la kuiuliza kampuni, labda hatapata, mimi sheria siijui. Ninachojua ni kwamba Mama anaweza kukosa fidia yote kwa mdomo wangu mimi mwanawe. Hashimu anaweza kushtakiwa, na mlango wa Bi Tatu unatazamana na wetu, nitatokea wapi? Nawaza hivyo mchana kutwa, nainuka, nakaa, nafagia palipofagiwa.

Sikuombi uniamulie. Naomba tu ukitoa neno lako ulitoe unajua. Ukisema ninyamaze nitakusikia kwa heshima zote, ila kutii, kwa mara ya kwanza, siwezi kukuahidi. Na Bi Tatu usimkasirikie, yeye hajui.

Msalimie sana mkaza mjomba Salma. Zuhura mwambie kitenge chake kiko tayari. Issa asiache madrasa. Mungu akupe afya ya mgongo na riziki isiyo na machozi ya mtu ndani yake.

Nasikia kandambili za Mama sebuleni. Siku zote hizi akikaribia naisukuma karatasi chini ya kitabu cha Fizikia. Hata sasa mkono umekwenda wenyewe, nimeurudisha. Amesimama mlangoni, anauliza ni barua gani ndefu hivi. Nimemwambia ni yako, Mjomba, na kwamba namalizia jina, kisha aisome yeye kwanza. Amevuta kigoda, ameketi, ananisubiri.

Wako akupendaye,
Saida