Mnyororo wa Bwana Filipo

Newala, Jumamosi usiku

Sijapata kumwambia mtu yeyote: mwanamume anayetaka kunioa namdharau. Baba anamwona mkubwa kwa kuwa ni karani wa boma, tena ana baiskeli ya mashindano aliyouziwa na Mjerumani. Baiskeli yenyewe imechakaa. Mnyororo unateleza kila anapokanyaga pedali, na breki haina, huzuiwa kwa miguu tu.

Leo kaupaka mnyororo utomvu wa mpira, eti ushike meno. Utomvu wa mpira! Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Bwana Filipo, chuma kinataka mafuta."

Akacheka mbele ya watu. "Bibi Shule, kwa hicho Kijerumani chako, umeshapanda baiskeli wewe?"

Nikampisha njia, kama kawaida yangu.

Akateremka mbio njia ya bondeni. Mnyororo ukanata, ukakatika, akabaki anapiga miguu hewani kama kuku anayechinjwa. Akamgonga Mama Anjela, aliyekuwa anapanda na mtungi wake tangu alfajiri. Mtungi ukapasuka, maji yote yakanywewa na mchanga.

Mama Anjela kakaa chini analia. Filipo anapangusa kanzu. "Pole basi, mama. Si utateka mengine?"

Mengine! Mtu wa Masasi huyo, kwao kisima kiko mlangoni; hajui sisi wa mlimani maji tunayafuata bondeni.

Baba aliutazama ule mchanga. Usiku huu anataka jibu langu. Naogopa, sauti yangu mbele yake huwa inakwama, na nikishindwa leo...

Nyayo zake hizo. Karatasi naisukuma chini ya mkeka. Hapana yangu nitaitamka mwenyewe, kwa mdomo.